Karabini ya Springfield yenye sehemu za miaka tofauti: thamani yake hupimwaje?

“Baba mkwe wangu alifariki mwaka uliopita hapa Ohio na kutuachia bunduki fupi ya zamani iliyokuwa imetundikwa ukutani kwa miaka mingi. Ubavuni, chini ya nyundo, imeandikwa U.S. SPRINGFIELD 1873. Kifuniko cha chuma kinachoinuka juu ya chemba kimeandikwa U.S. MODEL 1884. Nyuma ya kifuniko hicho kuna namba ya tarakimu tano inayoanza na 37. Kwenye mbao, upande wa kushoto, kuna herufi SWP na chini yake 1881. Kilengeo cha nyuma kina herufi R. Upande huo huo wa kushoto kuna upau wa chuma wenye pete kubwa, na kwenye bamba la kitako kuna kijimlango chenye vipande vya fimbo ya kusafishia ndani yake. Mtutu una urefu wa inchi 22. Mfanyabiashara mmoja alisema ni mkusanyiko wa vipuri tu, akatupa bei ya dola 300. Mwingine aliona picha akasema namba hiyo ni ya enzi za Custer, yule ofisa wa jeshi aliyeuawa mwaka 1876, na tusikubali chini ya dola 10,000. Mume wangu anataka tununue sehemu za mwaka 1873 ili bunduki irudi katika hali yake ya mwanzo, kisha tuisafishe na kuiuza. Ni nani kati ya wale wawili anayesema kweli, na sisi tufanye nini?”

Pole sana kwa msiba, dada yangu, na asante kwa kueleza alama zote kwa utaratibu, kwa kuwa wengi huandika kwamba wana bunduki ya kale na kuuliza bei, bila kutaja hata herufi moja iliyogongwa kwenye chuma. Wasiwasi wako, nikiuelewa vizuri, una pande mbili. Unaogopa kuuza kwa bei ya kutupa kitu ambacho kina historia kubwa, na unaogopa pia kushikilia tumaini la maelfu ya dola ambalo halina msingi. Kwa maelezo uliyonipa, naona kwamba wafanyabiashara wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa namna yake, na kwamba mpango wa mume wako wa kununua sehemu za mwaka 1873 ndio jambo ambalo ningeomba msilifanye kabisa. Nitaeleza kwa nini.

Kabla ya yote, hakikisheni kwamba haina risasi. Vuteni nyundo nyuma hadi kifuniko kiachiliwe, fungueni kifuniko kwa kuinua kile kikono kidogo cha upande wa kulia, mtazame ndani ya chemba, kisha mpitishe kijiti cha mbao kutoka mdomoni mwa mtutu hadi kitokeze nyuma. Bunduki zilizotundikwa ukutani kwa miaka mingi hukutwa zimejaa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wala msijaribu kuipiga. Risasi ya aina ya .45-70, ambayo ndiyo ya bunduki hii, bado inatengenezwa hadi leo, lakini baadhi ya zinazouzwa sasa zina nguvu iliyokusudiwa bunduki imara za kisasa, ilhali mtambo huu uliundwa kwa ajili ya baruti nyeusi yenye mgandamizo mdogo.

Sasa tuitambue silaha yenyewe. Hii ni Springfield ya modeli ya 1873, iliyotengenezwa katika karakana ya serikali ya Marekani mjini Springfield, Massachusetts. Mtambo wake ulitokana na ubunifu wa Erskine Allin, fundi mkuu wa karakana hiyo, ambaye mwaka 1865 alipata njia ya kugeuza bunduki za kupakiwa kwa mdomo, zilizokuwa zimejaa maghalani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ziwe za kupakiwa nyuma. Alifanya hivyo kwa kukata sehemu ya juu ya chemba na kuweka kifuniko chenye bawaba, ndiyo maana wakusanyaji wameiita bunduki ya mlango. Jopo la maofisa chini ya Jenerali Alfred Terry lilipima miundo zaidi ya mia moja kati ya 1872 na 1873, na likachagua muundo huo kwa kipimo kipya cha inchi 0.45. Askari wa miguu walipewa bunduki ndefu yenye mtutu wa inchi 32 na sehemu tano za nane, yaani karibu sentimita 83, na askari wa farasi wakapewa karabini, yaani bunduki fupi, yenye mtutu wa inchi 22, karibu sentimita 56. Ya farasi ilitumia risasi yenye baruti pungufu, punje 55 badala ya 70, ili isimpige sana begani mtu aliye juu ya tandiko. Upau na pete uliyoiona upande wa kushoto ndipo palipofungiwa ndoano ya mkanda wa askari wa farasi.

Hapa lazima nisahihishe dhana moja ambayo huenda ndiyo imemwongoza yule wa kwanza kusema ni mkusanyiko wa vipuri. Watu waliozoea bunduki za Kijerumani za Mauser hujua kwamba kila sehemu, kuanzia komeo hadi skrubu, iligongwa namba ile ile au tarakimu zake za mwisho, na kwamba namba zisipolingana thamani huporomoka. Wakija kwenye Springfield hutafuta namba zinazolingana, na wasipoziona hudhani kuna kasoro. Karabini yako haikupata kuwa na namba zaidi ya moja. Namba iligongwa nyuma ya kiwiliwili cha chuma, yaani sehemu inayoshika mtutu na kifuniko, pale ulipoiona, na hapo ndipo mwisho. Karakana ya Springfield ilikuwa imefikia uwezo wa kutengeneza sehemu zinazobadilishana tangu miaka ya 1840, na bunduki ya modeli ya 1842 ilitoka katika karakana za serikali ya Marekani ikiwa na sehemu zinazobadilishana kikamilifu. Fundi aliyekuwa na sanduku la vifuniko mia moja angeweza kuchukua chochote na kikakaa sawasawa katika bunduki yoyote, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuandika namba juu ya kila kipande. Jeshi liliutaka uwezo huo ili silaha iliyoharibika kambini itengenezwe haraka. Leo uwezo huo huo ndio unaotutesa sisi tunaotaka kujua ni kipande gani kilianza safari na kipi.

Kwa hiyo swali la kulingana, katika bunduki hizi, ni swali la nyakati. Tunauliza kama kila sehemu ni ya miaka ile ambayo kiwiliwili kilitengenezwa, na kama siyo, tunauliza ni nani aliyeibadilisha, lini, na kwa sababu gani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayopanga bei.

Tupitie sehemu zako. Mwaka 1873 ulioandikwa kwenye bamba la nyundo ni mwaka wa modeli, wala hauonyeshi mwaka ambao bunduki ilitengenezwa. Mabamba ya miaka ya mwanzo yaligongwa 1873 kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha tarakimu hizo zikaachwa. Bamba lako, basi, linaafikiana na namba yako. Namba hiyo nayo ni ya kabla ya katikati ya mwaka 1876, kwa kuwa wakusanyaji huchukua takriban 43,700 kuwa kikomo cha silaha zilizokuwa zimekwisha kutengenezwa kufikia wakati wa mapigano ya Little Bighorn, yaliyotokea Montana tarehe 25 Juni 1876, ambako Luteni Kanali George Custer aliangamia pamoja na kikosi alichokiongoza mwenyewe kutoka Rejimenti ya 7 ya farasi. Hadi hapa yule mfanyabiashara wa pili ana haki ya kuchangamka.

Lakini kifuniko cha chemba chenye maneno U.S. MODEL 1884 hakikuwapo duniani Custer alipokufa. Mbao yenye SWP 1881 nayo haikuwapo. Herufi hizo ni za Samuel W. Porter, mkaguzi aliyeweka muhuri wake na mwaka kwenye mbao zilizopita mkononi mwake, ilhali karabini ya namba yako ingetoka karakanani na muhuri wa ESA, herufi za Allin, bila mwaka. Kijimlango cha kitako kinasema jambo lile lile. Karabini za kwanza hazikuwa na nafasi ya fimbo ndani ya kitako. Ilipodhihirika kwamba maganda ya risasi ya shaba nyekundu yaliweza kutanuka na kunasa ndani ya chemba yenye joto, na kwamba askari wa farasi hakuwa na mdeki wa kuyasukuma nje, mabadiliko ya mwaka 1877 yalileta tundu ndani ya kitako la kuhifadhi fimbo ya vipande. Ukubwa wa tatizo hilo siku ile ya Little Bighorn bado unabishaniwa na wanahistoria, lakini kijimlango chenyewe hakina ubishi: kitako chako ni cha baada ya 1876.

Unaona, basi, kwamba kiwiliwili na bamba la nyundo ni vya miaka ya mwanzo, na mbao pamoja na kifuniko ni vya miaka ya 1880. Mabadiliko ya namna hii huwa na chanzo kimoja kati ya vitatu.

Chanzo cha kwanza ni jeshi lenyewe. Karabini zilirudishwa karakanani kwa matengenezo, mbao zilizopasuka zikaondolewa, vifuniko vilivyochakaa vikabadilishwa, na fundi akaweka kile kilichokuwa kwenye sanduku la siku hiyo. Alikuwa akitengeneza chombo cha kazi, na hakuwa na sababu yoyote ya kutafuta sehemu ya mwaka unaofanana. Bunduki iliyopitia matengenezo ya aina hii ni halali kabisa, na mimi binafsi naithamini kuliko wakusanyaji wengi wanavyoithamini, kwa kuwa inaonyesha utumishi wa miaka mingi. Sokoni hupungukiwa bei ikilinganishwa na ile isiyoguswa, lakini haidharauliwi.

Chanzo cha pili ni wafanyabiashara wa masalio ya jeshi. Springfield hizi zilipoondolewa katika utumishi, baada ya wengi wa askari wa kujitolea kuzibeba hata katika vita na Hispania mwaka 1898, ziliuzwa kwa wingi pamoja na marobota ya vipuri. Mashuhuri zaidi kati ya wanunuzi alikuwa Francis Bannerman wa New York. Karakana za wauzaji wa masalio ziliunganisha bunduki kutokana na kilichokuwapo, na mara nyingi zilikata bunduki ndefu ili zifanane na karabini, kwa sababu fupi ilinunuliwa haraka na wawindaji, shule na maigizo. Bunduki ya namna hiyo ina umri wa kutosha, lakini haikupata kubebwa na askari wa farasi.

Chanzo cha tatu ni ulaghai wa miaka ya karibuni, ambapo mtu huchukua kiwiliwili chenye namba ya chini, akakivisha mtutu uliokatwa na mbao iliyofupishwa, kisha akagonga muhuri bandia. Sidhani kwamba yako ni ya kundi hili, na sababu yangu ni nyepesi: mlaghai anayetaka fedha za Custer asingeacha mbao inayosema 1881 na kifuniko kinachosema 1884 mahali ambapo kila mtu anaviona.

Inabaki kupambanua kati ya chanzo cha kwanza na cha pili, na hapa ndipo penye kazi ambayo mnaweza kuianza nyumbani. Urefu wa inchi 22 hautoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa msumeno unaweza kuleta inchi 22 kutoka kwenye mtutu wowote. Kinachotoa siri ni unene. Mtutu wa bunduki ndefu hupungua unene taratibu kuelekea mdomoni, na ukiukata katikati ya safari hiyo, mdomo mpya unaoupata ni mnene kuliko mdomo wa karabini halisi, ambao ulichongwa tangu mwanzo ili ufikie unene wake wa mwisho katika inchi 22. Mtaalamu mwenye kalipa, yaani kifaa cha kupimia unene, atalijua hilo kwa nusu dakika. Nyinyi tazameni kilengeo cha mbele. Katika bunduki ndefu, kigingi cha kilengeo kilikuwa pia kishikio cha singe. Katika karabini kuna msingi mpana wa chuma wenye ubapa mwembamba uliofungwa kwa pini. Kama kuna mabaki ya solda, yaani madini ya kuunganishia, kando ya kilengeo, au kimekaa upande kidogo, au mdomo wa mtutu una kingo kali ambazo hazikuzungushwa vizuri, shaka yangu itapanda.

Kisha geuzeni bunduki chali mtazame mbao chini ya mtutu. Bunduki ndefu ilikuwa na mfereji wa mdeki chini yake, na karabini haikuwa nao. Anayefupisha mbao ndefu hulazimika kuujaza mfereji huo kwa ukanda wa mbao nyingine, na hata kazi ikiwa nzuri namna gani, nyuzi za mbao hazitaungana. Tumieni taa ya mkononi iliyolazwa pembeni, si juu, ili kivuli kionyeshe mstari wa kiungo. Tazameni pia ncha ya mbele ya mbao, mahali ambapo tundu la mdeki lingetokea na kuzibwa. Halafu angalieni ule upinde wa chuma unaokinga kifyatulio: wa bunduki ndefu una kishikio cha mkanda au tundu lake, wa karabini ni mzima. Kile kijimlango chenu cha kitako kinanipa moyo, maana mbao ya bunduki ndefu ya mwaka 1881 haikutazamiwa kuwa nacho, na kitako chenye kijimlango, upau wa pete na muhuri wa mwaka unaoafikiana ni dalili nzuri kwamba mbao hiyo ilizaliwa kuwa mbao ya karabini. Nzuri, lakini isiyotosha bila mtutu.

Dalili nyingine ni namna sehemu zilivyochakaa pamoja. Vyuma vilivyoishi muda mrefu katika bunduki moja huwa kama mlango na fremu yake: kila kimoja kimemwachia mwenzake alama pale vinapogusana. Pale nyundo inapogonga pini ya kufyatulia risasi, pale kifuniko kinapolala juu ya kiwiliwili, pale mbao inapokutana na bamba, pawe na mkwaruzo unaoitika upande wa pili. Kifuniko chenye kutu ya madoadoa juu ya kiwiliwili laini kisicho na doa hata moja kimeletwa karibuni. Mbao iliyoacha uwazi kuzunguka chuma, au iliyochongwa kwa patasi ili chuma kiingie, haikupitia mikono ya mafundi wa serikali. Vichwa vya skrubu vilivyokwaruzwa vibaya vinasema kwamba mtu asiye na bisibisi sahihi amepita hapo. Tafuteni pia, upande wa kushoto wa mtutu karibu na chemba, alama za uthibitisho: herufi V, herufi P na kichwa cha tai. Ndani ya mtutu muone mifereji mitatu tu, mipana. Ikiwa mingi zaidi, mtutu umebadilishwa au umetiwa bomba jipya ndani.

Kuhusu kile kilengeo cha nyuma chenye R, hilo ni kosa dogo na la kawaida sana. Vilengeo vya karabini vya miaka hiyo vilipewa herufi C na vya bunduki ndefu vilipewa R, kwa kuwa risasi yenye baruti pungufu ilihitaji mgawanyo tofauti wa masafa. Kilengeo hushikwa kwa skrubu mbili, na mtu yeyote katika miaka zaidi ya mia moja iliyopita anaweza kuwa amekibadilisha jikoni kwake.

Sasa nirudi kwa Custer, kwa sababu jina hilo limeharibu hesabu za familia nyingi. Namba iliyo chini ya 43,700 inaonyesha kwamba kiwiliwili kilikuwapo kabla ya mapigano, basi. Karakana haikutenga namba za karabini kando na za bunduki ndefu. Zilitoka katika mfululizo mmoja, na sehemu kubwa zaidi ilikwenda kwa askari wa miguu. Kwa namba peke yake huwezi hata kuthibitisha kwamba kiwiliwili chako kilianza maisha katika karabini. Springfield pia haitoi barua ya kiwanda inayoeleza kila silaha ilipelekwa wapi, kama inavyowezekana kwa Winchester nyingi kupitia jumba la makumbusho la Cody, Wyoming. Yaliyopo ni orodha zisizo kamili, zilizokusanywa na watafiti kutoka Idara ya Kumbukumbu za Taifa ya Marekani, zinazotaja namba moja moja na vikosi vilivyozishika. Namba yako ikionekana katika orodha hizo chini ya kikosi cha farasi, hali itabadilika kabisa, na ndiyo maana nawaomba mumtafute mtu mwenye orodha hizo kabla ya kukubali bei yoyote.

Iko njia nyingine ya uthibitisho, nayo inanigusa kila ninapoifikiria. Mwezi Agosti 1983 moto wa nyasi uliunguza uwanja wa Little Bighorn na kuiacha ardhi wazi, na katika miaka iliyofuata wanaakiolojia, Douglas Scott na Richard Fox wakiwa mstari wa mbele, waliufukua uwanja huo kwa utaratibu. Walilinganisha alama ambazo pini ziliziacha kwenye maganda ya risasi, wakaweza kufuatilia bunduki moja moja ilivyosogea uwanjani. Karabini chache zilizosalia hadi leo zimelinganishwa na maganda hayo. Kwa yako, njia hiyo imefungwa. Pini hukaa ndani ya kifuniko cha chemba, na kifuniko chako ni cha modeli ya 1884. Hata kama kiwiliwili chako kilikuwapo Montana siku ile, pini ambayo ingeacha ushahidi imekwisha kwenda na kifuniko cha zamani. Hapo ndipo hasara halisi ya sehemu zisizolingana ilipo, na hakuna kifuniko cha zamani mtakachonunua leo kitakachoirudisha, kwa sababu kitakuwa kifuniko cha bunduki nyingine chenye historia ya bunduki nyingine.

Tuje kwenye thamani, na nitasema kwa upana tu, kwa kuwa bei ya kweli hutokana na mtutu ambao sijauona. Ikiwa mtutu umekatwa na mbao imejazwa, silaha yako ni ya dola mia kadhaa, na yule wa kwanza, ingawa sababu yake haikuwa sahihi, hakuwa mbali sana, japo kumbuka kwamba alikuwa akinunua, na mnunuzi hana wajibu wa kukutajia bei ya juu. Ikiwa mtutu na mbao vyote ni vya karabini, una karabini halisi ya askari wa farasi iliyotengenezwa upya na jeshi katika miaka ya 1880, yenye kiwiliwili cha namba ya chini, na hiyo kwa kawaida huvuka dola 1,000. Dola 10,000 ni bei za silaha ambazo hazikubadilishwa, au zilizo na nyaraka. Bila orodha inayoitaja namba yako, sioni njia ya kufika huko, na nisingependa mfanye mipango ya familia kwa fedha hizo.

Kuhusu mpango wa mume wako, nampa heshima yake, maana nia ni njema. Lakini mbao halisi yenye muhuri wa ESA na kifuniko cha miaka ya mwanzo vina bei kubwa kwa sababu hiyo hiyo kwamba kila mtu anavitafuta, na vingi vinavyouzwa ni nakala au vina mihuri iliyogongwa juzi. Mtalipa fedha nyingi, mtaondoa ushahidi wa matengenezo ya jeshi ambao huenda ndio ulio bora katika bunduki hii, na mtabaki na kitu ambacho mtaalamu atakitambua kuwa kimekusanywa juzi. Tena mtalazimika kumwambia mnunuzi mlichokifanya, na mkimwambia, thamani mliyoitafuta itayeyuka. Badiliko moja pekee ningelikubali, la kuweka kilengeo chenye C cha miaka ya 1880 mahali pa kile chenye R, kwa kuwa linafunguka kwa skrubu mbili bila kudhuru chochote. Hata hivyo msifanye kabla mtaalamu hajaiona kama ilivyo, na kilengeo cha sasa kihifadhiwe kwenye mfuko pamoja na bunduki.

Usafishaji nao uwe mdogo kuliko mnavyotamani. Kitambaa laini chenye mafuta mepesi ya silaha kwenye chuma, kitambaa kikavu kwenye mbao, na mkono uishie hapo. Msipige msasa, msitumie dawa ya kuondoa kutu, msiipake chuma rangi mpya, na zaidi ya yote msiikwangue mbao, kwa maana ule muhuri wa SWP 1881 una kina cha unene wa kucha, na ukishapotea hakuna anayeweza kuurudisha kihalali. Weusi uliokaa kwenye chuma kwa zaidi ya miaka mia moja ni sehemu ya uthibitisho wa umri.

Kwa upande wa sheria, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968, na uuzaji wake ni mwepesi kuliko wa silaha ya kisasa. Majimbo yana masharti yao, hivyo ulizeni ya Ohio na ya jimbo la mnunuzi, na msifikirie kuituma nje ya nchi bila kupata vibali vya pande zote mbili.

Mahali pa kutafuta msaada wa ana kwa ana ni kwa mthamini wa silaha za vita vya Marekani na wenyeji wa nyanda za magharibi, au idara ya silaha ya nyumba ya mnada inayouza Springfield mara kwa mara. Mthamini awe mtu asiyetaka kuinunua, alipwe ada iliyopangwa na si asilimia ya thamani, na atoe maandishi yanayotenganisha thamani ya bima na thamani ya mauzo, ambayo kwa kawaida huwa ndogo zaidi. Mwombeni apime unene wa mdomo wa mtutu mbele yenu, atazame mfereji wa mdeki, na aitafute namba katika zile orodha zilizotokana na Kumbukumbu za Taifa. Akisema bei kabla ya kufanya hayo matatu, mshukuruni na mwende kwa mwingine.

Kabla ya hapo pigeni picha kumi au zaidi mchana, nje kivulini: kila alama, mdomo wa mtutu kwa mbele, mbao kwa chini, upinde wa kifyatulio, ndani ya chemba kifuniko kikiwa wazi, na vile vipande vya fimbo vilivyomo kitakoni. Andikeni pia kila mnachokumbuka kuhusu namna baba mkwe wako alivyoipata, hata kama ni jina la mji tu au mwaka wa kukisia, kisha karatasi hiyo iwe na tarehe na saini ya mume wako. Ukinitumia picha ya mdomo wa mtutu na ya upande wa chini wa mbao, nitaweza kukuambia kwa uhakika zaidi uko katika kundi lipi kati ya yale mawili, na kama safari ya kwenda kwa mthamini ina faida kwenu.